Kibuyu Hakikopeshwi

Kambi ya Reli, Longonot
3 Machi 1957

Dada Cheptanui,

Nakusalimu wewe, na mama, na watoto wako, na kila anayeuliza habari zangu kwa nia njema. Wanaouliza kwa nia mbaya waambie nimenenepa. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandika. Lugha yetu hupinda mkononi mwangu nikiishika kwa kalamu.

Chelel hajambo? Mwezi wa kwanza uliniambia anakohoa. Mwangalie vizuri, na ndama wake pia. Ndiye ng'ombe pekee tuliyebaki naye wa kukamuliwa, na pasipo yeye sisi ni watu wa kibanda tu.

Mimi nipo. Tunabadilisha mataruma ya reli kutoka hapa kuelekea Naivasha, na nyapara wetu ni mtu aliyejua kupiga filimbi akadhani amejua kazi. Vumbi la hapa ni jeupe, linaingia mpaka kwenye chumvi. Maji tunaletewa kwa behewa, yananuka chuma. Maziwa ni yale ya shamba la mzungu yaliyokwisha kutolewa mafuta, ya buluu kama jicho la kipofu. Kwetu maji ya kusuuza ndoo ni mazito kuliko hayo.

Lakini utacheka. Jirani yangu hapa kambini ni mama mmoja wa Kiislamu, jina lake Mastura, mke wa pointimani, mgeuza njia za reli wa stesheni. Watu wa pwani. Yeye hugandisha tui la nazi kwenye sufuria, akaliita mtindi, akalitia kwenye bakuli na kulila kwa kijiko kama mgonjwa. Nazi. Tunda la mti. Niliwahi kudhani nimeona upumbavu wote wa dunia, kumbe ulikuwa bado unakuja kwa treni kutoka Mombasa. Ladha yake ni ya uchachu kidogo, na tamu nyuma ya ulimi, na haikai tumboni kama jiwe.

Nisalimie mama.

Ndimi Kimaiyo.


Eldama Ravine
24 Machi 1957

Ndugu yangu Kimaiyo,

Barua yako imefika. Mama hajambo, ila jino lake la mwisho limeng'oka siku ya Jumapili kanisani, akalificha kwenye leso mpaka mahubiri yakaisha. Watoto hawajambo. Mahindi yamepandwa. Mvua ilikuja, ikapiga mlango, ikaondoka.

Umesema hilo tui la nazi ni upumbavu, kisha ukanieleza ladha yake mpaka nyuma ya ulimi. Umejuaje? Ulilamba bakuli la watu?

Sasa sikia jambo lenyewe. Mzee Hezekiah amekubali. Yule Hezekiah unayemjua, wa koti la jeshi, anayelivaa hata jua likipasua mawe ili tusisahau kwamba alifika Burma. Amekubali kumtoa binti yake Jepkorir kwako. Mahari amesema tutalipa kidogo kidogo, hana haraka. Lakini amesema mbele ya wazee: mahari hukopeshwa, kibuyu hakikopeshwi. Siku ya posa, tarehe kumi na saba Agosti, anataka tulete kibuyu cha mama kimejaa maziwa lala, yaliyogandia humo kibuyuni, ya nyumba yetu, ya ng'ombe wetu wenyewe. Wewe unywe mbele yake, kisha yeye, kisha binti. Akionja maziwa ya kuombaomba, au asipoyaona kabisa, binti haondoki. Amesema hawezi kumpeleka mtoto wake kwenye nyumba kavu. Unajua alivyo. Huyo mzee hupima watu kwa ulimi, kama mbuzi anavyopima chumvi.

Jepkorir mwenyewe alikuwa anasugua kibuyu cha kwao kwa ufito, akanitazama mara moja.

Kwa hiyo mambo yako yote yanasimama kwenye kibuyu kimoja. Usichelewe kuja.

Na kwa kucheka tu, hebu niambie huyo mama wa pwani hufanyaje. Nazi huku hatuna, lakini nataka kuwasimulia wanawake wa misheni.

Dada yako, Cheptanui.


Longonot
14 Aprili 1957

Dada Cheptanui,

Salamu kwako na kwa mama. Pole kwa jino lake, lilikuwa limemtumikia.

Nimefurahi kwa ajili ya Jepkorir. Hezekiah namdharau, ila namdharau kwa heshima, kwa kuwa ni mkwe. Kuhusu kuja Agosti, kazi huku ni nyingi. Tutaona.

Mara hii hukusema lolote juu ya Chelel. Umemsalimia kila mtu mpaka jino la mama, ng'ombe umemruka.

Habari ya nazi ni hii. Mama Mastura hukuna nazi, akakamua tui la kwanza, lile zito. Hulipasha moto polepole akikoroga, lisichemke kwa nguvu, likichemka hukatika. Akishalitoa motoni hulisubiri mpaka kidole kiweze kukaa ndani hesabu ya kumi. Halafu hutia vikonyo saba vya pilipili mbichi. Vikonyo tu, ile mikia ya kijani, si pilipili yenyewe. Hiyo ndiyo mbegu ya kugandisha. Nilimwambia, mama, kwetu mbegu ni kibuyu chenyewe, kina umri mkubwa kuliko wewe. Akanijibu, "Basi katafune kibuyu chako, baba, uniachie sufuria yangu."

Nazi zisipofika kwa treni, hutumia karanga. Naam, karanga. Hapo ndipo nilipomwambia sasa tumefika mwisho wa dunia. Alicheka, akanipa bakuli.

Kimaiyo.


Eldama Ravine
5 Mei 1957

Ndugu yangu,

Sisi hatujambo. Mama anakusalimu. Mtoto wangu wa pili alikuwa na surua, amepona. Chelel yuko mahali pake, hatoki.

Hiyo habari ya karanga tumeicheka mpaka machozi. Wanawake wa misheni wanabisha, wanasema haiwezekani, kwa hiyo niambie hatua kwa hatua niwafunge midomo. Karanga za kukaanga au mbichi? Kwa nini mtu akijaribu, nasema mtu tu, maji hubaki juu na uzito ukashuka chini kama tope? Na yakipata harufu mbaya siku ya pili, kosa liko wapi? Wanasema ni uongo wako.

Tena nitumie ratili nne za karanga kutoka huko. Hapa dukani ni ghali na zina wadudu. Mama ametamani kutafuna karanga.

Hezekiah alipita hapa Jumanne na koti lake. Alitaka kumwona ng'ombe. Nikamwambia tumempeleka juu msituni kwa mjomba, kwenye nyasi nzuri, ili maziwa yawe mazito siku ya posa. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyenunua shamba.

Cheptanui.


Longonot
26 Mei 1957

Dada Cheptanui,

Salamu. Mama hana jino hata moja, wewe mwenyewe umeniandikia. Atatafuna karanga kwa kitu gani, kwa magoti? Hata hivyo nimezituma, ratili nne, kwa mkono wa dereva wa lori anayekuja huko. Mkifungua mfuko hesabuni karanga, msisikilize maneno yake.

Waambie hao wanawake wa misheni, wenye muda wa kubishana, kwamba karanga ni mbichi. Ziloweke tangu jioni mpaka asubuhi. Zimenye ngozi nyekundu zote, usiwe mvivu, ngozi ikibaki huleta uchungu na hukwama kwenye meno. Zisage juu ya jiwe na maji kidogo kidogo, kamua kwa kitambaa safi. Tofauti na nazi, haya lazima yachemke sawasawa, na ukoroge bila kumtazama mtu. Yakiachana maji na uzito, ni kwamba maji yalizidi au hukuchemsha ya kutosha. Yakinuka, ni kwamba mtu alitia vikonyo yakingali moto, akaiua mbegu, yakaoza badala ya kuganda. Kidole kihesabu kumi. Kisha funika, zungushia blanketi, uache kabisa. Ukiwa na haraka ya kufunua kila saa, kapike chai. Yakishaganda, weka kijiko kimoja kiwe mbegu ya siku nyingine.

Yote haya nimeyatazama tu.

Kuhusu Agosti, nimefikiri. Fanyeni posa bila mimi. Mjomba anaweza kunywa kwa niaba yangu. Ruhusa huku haipatikani.

Kimaiyo.


Eldama Ravine
9 Juni 1957

Kimaiyo,

Sitakusalimu.

Mjomba anywe kwa niaba yako, kisha mjomba alale na mke kwa niaba yako? Nyapara wako ni mpumbavu, lakini hata mpumbavu hutoa ruhusa ya siku nne kwa mtu wa posa. Sema kweli. Una mwanamke huko Longonot, au huyo mama wa pwani ana binti. Jepkorir ameuliza mara mbili kama unakuja, na yule msichana haulizi jambo mara mbili.

Karanga zimefika.

C.


Longonot
7 Julai 1957

Dada,

Barua yako ilikaa Nakuru wiki tatu kabla ya kuletwa huku. Nilipoisoma nilikuwa nimekaa juu ya taruma wakati wa chakula, nikasimama, nikakaa tena.

Sina mwanamke. Mastura ana binti mmoja wa miaka sita, naye hunidharau.

Nitasema, kwa kuwa umenilazimisha, na ukimwambia mtu nitakana. Unakumbuka mwaka jana nililazwa wiki tatu kwa tumbo. Sikuwaambia lililofuata. Tangu siku ile siwezi maziwa. Mabichi, ya chai, hata lala. Nikinywa kikombe kimoja, kabla kivuli hakijasogea nimejikunja chini kama jongoo, kisha ni kukimbia. Hiram, dresa anayetutibu hapa kambini, aliniambia, "Bwana, wacha maziwa." Nikamwambia unajua unazungumza na mtu wa kabila gani? Akasema tumbo halina kabila. Nilimdharau. Nikanywa tena ili kumwonyesha, nikakosa kazi siku mbili.

Basi mimi, mtoto wa mama yetu, niliyepewa maziwa kabla ya jina, ninaishi kwa sufuria ya mama Mastura. Hilo tui na hizo karanga nilizokuandikia kwa matusi ndicho chakula changu. Nilitukana kwa sababu nilikuwa nimeshiba.

Sasa niambie. Nisimame mbele ya Hezekiah, ninywe kibuyu, nianguke pale pale kwenye zizi lake? Au nikatae kunywa, aseme nimeikataa nyumba yangu mwenyewe? Nampenda Jepkorir. Nimekuwa nikimfikiria kwenye vumbi hili miaka miwili. Ndiyo maana nilisema mjomba.

Kimaiyo.


Eldama Ravine
28 Julai 1957

Ndugu yangu Kimaiyo,

Nakusalimu sasa. Mama hajambo, amenenepa kidogo. Watoto wamerudi shule.

Nimeisoma barua yako nikaichoma jikoni. Kwa hiyo mwanamume wa ukoo wetu ameshindwa na kikombe cha maziwa. Babu alikunywa damu na maziwa akavuka mto Kerio wakati wa mafuriko, nawe unakunja tumbo kama jongoo. Ningekuwa karibu ningekucheka mpaka nikojoe. Niko mbali, nimecheka kiasi.

Sasa acha kulia kwenye mataruma, usikilize. Omba ruhusa. Panda treni mpaka Nakuru, uje Ravine kwa lori. Usipite nyumbani kwanza. Mama atalala kwa shangazi, nyumba itakuwa imefungwa. Nenda moja kwa moja kwa Hezekiah, utanikuta huko na kibuyu. Nikikupa, pokea kwa mikono miwili, unywe mpaka nitakapokuambia basi. Usiulize neno, kabla wala baada. Usiniangalie kwa macho yako ya mbwa aliyekanyagwa.

Usipokuja, nitamwambia Hezekiah mimi mwenyewe kwamba una jongoo tumboni.

Dada yako, Cheptanui.


Longonot
1 Septemba 1957

Dada Cheptanui,

Salamu nyingi kwako na kwa mama. Nilifika salama. Nyapara alinikuta nimerudi na tabasamu, akanipa kazi ya kokoto ili linitoke. Halijatoka.

Uliniambia nisiulize. Nimetii wiki mbili, sasa nauliza.

Siku ile, nilipofika kwa Hezekiah, jambo la kwanza nililotazama si mchumba, ni njia ya kukimbilia. Nilichagua nyuma ya zizi, kushoto, penye migomba. Hezekiah alikuwa amefunga vifungo vyote vya koti lake, jasho linamtiririka, wazee wamekaa, Jepkorir amesimama nyuma ya mama yake. Wewe ukaja na kibuyu. Nikaona mikono yako haitetemeki, nikakuchukia.

Nilipiga funda la kwanza nimefumba macho. Harufu ya makaa ya senetwet, ule mti wetu wa kusugulia kibuyu, ilikuwa ileile ya mama. Rangi ileile ya majivu. Uchachu uleule. Ila nyuma ya ulimi kulikuwa na kitu nilichokijua, nimekijua mwaka mzima. Nikafumbua macho. Ulikuwa unatazama mlima.

Nikanywa. Nilikunywa kama mtu aliyepotea jangwani, mpaka mzee mmoja akasema, "Mwachie mkwe wako kidogo, usije ukameza na kibuyu." Halafu Hezekiah akanywa. Akayazungusha mdomoni, akafumba jicho moja. Akasema, "Huyu ni ng'ombe wa nyasi za juu. Nyasi za chini haziwezi kutoa uzito huu. Niliwaambia." Akanywa tena. Bingwa wa ulimi. Burma alikwenda kuonja nini, sijui.

Nilidhani umefanya kwa huruma yangu, nikakushukuru moyoni njia nzima. Lakini juzi nilikuwa napiga nyundo, nikasimama. Barua yangu ya kukiri niliandika Julai. Karanga uliziomba Mei, kwa ajili ya mwanamke asiye na jino. Na uliuliza kwa nini yanaachana maji. Mtu anayecheka tu haulizi kwa nini yanaachana maji.

Na ukanizuia nisipite nyumbani.

Dada, nijibu bila kuzunguka. Chelel yuko wapi?

Kimaiyo.


Eldama Ravine
22 Septemba 1957

Ndugu yangu Kimaiyo,

Sisi hatujambo. Mama anakusalimu. Mahindi yamekomaa.

Chelel alikufa tarehe ishirini na saba Februari, kwa ndigana, ule ugonjwa wa kupe. Barua yako ya kwanza ilinikuta nimemzika. Ndama alimfuata siku ya pili. Nilichimba mimi na watoto, nyuma ya nyumba, nikapanda viazi juu ili mtu asiulize udongo umechimbuliwa kwa nini. Nilikuambia yuko mahali pake, hatoki. Sikusema uongo.

Ningekuambia ungefanya nini? Ungeacha kazi, ungekuja kusimama juu ya viazi. Ningeomba maziwa kwa jirani, kesho yake Hezekiah angejua. Watu hapa wakikupa kikombe cha maziwa hukupa na tarumbeta. Basi mwezi wa tatu ukaniandikia upumbavu wa mama wa pwani, nami nikaona huo upumbavu ndio mlango pekee ulio wazi. Aprili nilijaribu kwa karanga za dukani, zikaoza. Mara ya pili zikaachana maji. Mara ya tatu, kwa karanga zako na vikonyo vyako, nilifunua blanketi asubuhi nikakuta yametulia. Nikachoma tawi la senetwet, nikasugua kibuyu ndani kama kawaida, nikayamimina. Kibuyu hakikuuliza yametoka wapi.

Sufuria ya kwanza iliyokubali nilimpa mama. Alikunywa, akapangusa mdomo, akaniambia, "Cheptanui, ng'ombe huyu anakula nini, karanga?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Basi usimbadilishie." Ndiye aliyenenepa.

Kwa hiyo sisi sote wawili tulikuwa tunaitukana sufuria ileile, kila mmoja amejificha nyuma yake. Wewe ulikuwa huwezi maziwa, mimi nilikuwa sina. Mwambie mama Mastura nimemsalimu. Usimwambie zaidi, watu wa pwani huvimba.

Sasa la mwisho, na hili ndilo lililonifanya niandike leo badala ya kesho. Jepkorir alikuja Ijumaa. Peke yake, bila baba na bila koti. Alisema amekuja kunisaidia kuosha kibuyu. Nikajua hakuja kuosha kibuyu. Alikichukua, akaingiza pua. Kisha akaenda nyuma ya nyumba, akatazama viazi vyangu vilivyoota kwa umbo la ng'ombe aliyelala, navyo havikuota hivyo mahali pengine popote shambani. Nikamfuata. Nilikuwa tayari kupiga magoti, mimi, mbele ya msichana wa miaka kumi na tisa.

Akasema, "Wifi, siku nyingine umenye ngozi zote. Moja ilinikwama kwenye jino siku ile, nikakaa na mdomo umefungwa mpaka wageni wakaondoka."

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia baba yake. Akasema, "Baba alishasema ni nyasi za juu. Nani atambishia?"

Akakisugua kibuyu vizuri kuliko mimi, akakitundika, akaenda zake. Anakuja rasmi Novemba. Tuma ratili nane. Na safari hii usiandike juu ya mfuko kwamba ni za mama.

Dada yako, Cheptanui.